Watoto Tusiowaita Mbele

Hotuba kwa walimu wa shule ya Jumapili, kwenye semina ya jimbo

Bwana Yesu asifiwe!

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa idara ya watoto, walimu wenzangu: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na wengine habari za tangu asubuhi. Nimeombwa nizungumze juu ya kuwafundisha watoto kwamba Mungu anawathamini na kuwatumia watu wa kawaida. Nalipenda somo hili kuliko masomo mengi tunayofundisha, na kwa kuwa nalipenda nitasema wazi pale ninapoona tunalipunja.

Ukikaa nyuma ya madarasa yetu mengi utasikia likifundishwa hivi. Daudi alikuwa mchunga kondoo, Mungu akamfanya mfalme. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, akafungwa gerezani, akaishia kuwa mkubwa katika nchi ya Misri. Esta alikuwa yatima, akawa malkia. Kisha mwalimu anauliza, "Na wewe je, unataka kuwa nani?" Watoto wanapaza sauti: rais! daktari! rubani! Tunawapigia makofi, tunaomba, tunafunga darasa.

Visa hivyo vyote vimo katika Biblia, na ni vizuri watoto wavijue. Ila tujiulize mtoto anaondoka na nini. Anaondoka akiamini kwamba Mungu humchukua mtu wa kawaida, kwanza akamtoa kwenye hali yake ya kawaida, ndipo akamtumia. Machungani ni pa kupita tu, kazi yenyewe ya Mungu iko ikulu.

Sasa watazame watoto walioketi mbele yako kwenye mabenchi yale. Wengi wao watakuwa wakulima, mafundi cherehani, makondakta wa daladala, mama lishe, walinzi, manesi, walimu wa shule za msingi. Ndivyo watu wanavyoishi, na ndivyo Mungu anavyoiendesha nchi hii kila siku. Siku moja mtoto huyo, akiwa mtu mzima mwenye meza yake ya nyanya sokoni, atalikumbuka somo letu. Kama tulimfundisha Daudi wa ikulu peke yake, atasema moyoni, "Kumbe mimi Mungu hakunichagua." Hilo ndilo linalonisumbua. Tutakuwa tumemfundisha Biblia kwa miaka, halafu Biblia hiyohiyo ikamwambia maisha yake si kitu.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja: tuwafundishe watoto juu ya watu ambao Mungu aliwatumia nao wakabaki watu wa kawaida. Wako wengi, na huwa tunawapita haraka kwa sababu hawana taji.

Fungueni Wafalme wa Pili, sura ya 5. Tunakiita kisa cha Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma, na tukikifundisha tunakimbilia mtoni, kuzama mara saba, ngozi kuwa laini kama ya mtoto mdogo. Watoto wanapenda ile kuhesabu mara saba, nami sikatai. Lakini rudini kwenye mstari wa 2. Vikosi vya Washami viliingia Israeli, vikamteka binti mdogo, naye akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Hatuambiwi jina lake wala la baba yake. Hatuambiwi kijiji alikotoka, wala kama wazazi wake walibaki hai siku ile alipochukuliwa. Tunapewa sentensi aliyomwambia mke wa Naamani: laiti bwana wangu angekuwa pamoja na yule nabii aliyeko Samaria, angemponya ukoma wake. Basi. Baada ya hapo hatumsikii tena akisema neno.

Halafu wakubwa wanaanza kuhangaika. Mfalme wa Shamu anaandika barua. Naamani anabeba talanta kumi za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi kumi. Barua inapelekwa kwa mfalme wa Israeli, ambaye binti hakumtaja kabisa, na mfalme yule anaisoma na kurarua mavazi yake akidhani anatafutiwa ugomvi. Falme mbili zinababaika, na aliyesema jambo sahihi tangu mwanzo yuko nyumbani kwa Naamani akiendelea na kazi za ndani.

Mbele kidogo Naamani anakasirika kwa sababu nabii mwenyewe, Elisha, hakutoka nje kumwona, ametuma mjumbe tu amwambie akaoge Yordani. Anageuza farasi. Nani anamrudisha? Watumishi wake. Wanamsogelea kwa adabu na kumwambia, baba yangu, kama nabii angekuambia ufanye jambo kubwa, usingelifanya? Kisa hiki chote kinasogezwa mbele na watu wa kutumwa. Ukiwaondoa, jemadari anakufa na ukoma wake.

Mwalimu, usimalizie hapo ukasema, "Basi watu wadogo ndio wema." Soma hadi mwisho wa sura. Yuko mtumishi mwingine, Gehazi, mtumishi wa nabii mwenyewe, na yeye alimkimbilia Naamani nyuma, akadanganya, akapata fedha na mavazi, ukoma ukamshika. Naye alikuwa mtu wa kutumwa vilevile. Watoto waelezwe hilo pia, kwamba Mungu hamtumii mtu kwa sababu ni maskini wala hamkatai kwa sababu ni tajiri. Yule binti alikuwa na moyo wa kumtakia mema mtu ambaye jeshi lake lilimtenga na kwao. Hapo ndipo penye uzito wa kisa, na mtoto wa miaka minane anauelewa uzito huo vizuri sana ukimpa nafasi ya kuuwaza. Muulize: "Wewe ungemwambia?" Kisha nyamaza. Mwache ajibu. Atakayesema "Mimi nisingemwambia" usimkemee, maana huyo amekielewa kisa.

Na kuna jambo ambalo siwezi kulipita nikiwa kwenye sura hii. Majumbani mwetu, sisi tunaokuja kanisani, yuko binti wa namna hiyo. Tunamwita dada. Amekuja kutoka mkoa mwingine, anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Yeye ndiye aliyefua na kupiga pasi gauni alilovaa mtoto wako Jumapili hii, na yeye ndiye aliyebaki nyumbani kuchambua mchele wakati mtoto wako anafundishwa juu ya mtumishi wa nyumba ya Naamani. Sheria yetu ya ajira hapa Tanzania, ya mwaka 2004, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kuna nyumba za Wakristo ambako sheria hiyo inavunjwa mchana kweupe. Huyo anatakiwa kuwa shuleni. Na aliyefikisha umri wa kufanya kazi ana haki ya mshahara wake, ya kupumzika, na ya kuja ibadani. Mtoto anajifunza thamani ya watu kwa kuangalia jinsi mama na baba wanavyomwita dada wa kazi, sauti wanayotumia, na sahani anayopewa. Sisi tunakuwa na mtoto kwa saa moja kwa juma. Siku zilizobaki somo linafundishwa nyumbani, liwe zuri au baya. Kwa hiyo ukifundisha sura hii, watume watoto wakamwalike dada wa nyumbani kwao Jumapili inayofuata, na uzungumze na wazazi mapema wasimzuie.

Na tusiifanye sura hii kuwa ya kuwaambia wanyonge watulie. Binti alitekwa, na kumteka kulikuwa dhambi. Mungu alimtumia hukohuko alikopelekwa kwa nguvu, lakini Biblia haisemi popote kwamba waliomteka walifanya vema. Mariamu, naye msichana wa kijijini Nazareti, aliimba kwamba Mungu "amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi, na wanyonge amewakweza." Mtoto afundishwe yote mawili. Mungu yuko nawe jikoni, na Mungu hapendezwi na anayekunyanyasa jikoni.

Nikienda kwenye Agano Jipya, nachukua kisa kinachojulikana kuliko vyote, yule mtoto wa mikate mitano na samaki wawili. Injili zote nne zinasimulia muujiza ule, ila Yohana peke yake, sura ya 6, ndiye anayetuambia kwamba chakula kilikuwa cha mtoto na kwamba mikate ilikuwa ya shayiri. Shayiri ilikuwa chakula cha watu wa chini. Kabla ya mtoto kutajwa, Filipo ameshapiga hesabu: mikate ya dinari 200 haitoshi hata kila mmoja apate kidogo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Kwa hiyo Filipo anazungumzia vibarua vya siku 200, na hesabu yake ni sahihi. Andrea anamleta mtoto, lakini hata yeye anamleta huku ana mashaka: "Lakini hivi ni nini kwa watu wengi kama hawa?" Yesu hamjibu. Anavipokea, anashukuru, anagawa.

Nawaomba mpafundishe hapo polepole. Kabla ya muujiza wowote, Yesu alivishika vile vitu mikononi na kumshukuru Baba kwa ajili yavyo vikiwa bado ni mikate mitano na samaki wawili. Alishukuru kwa kidogo kikiwa kidogo.

Sisi tunayo nafasi ya kulifundisha hili karibu kila Jumapili, na nafasi hiyo iko nje ya kanisa baada ya ibada, kwenye mnada. Mnaujua. Sadaka za mazao zinatolewa nje, zinawekwa chini ya mti: mkungu wa ndizi, kuku amefungwa miguu, debe la mahindi, miwa, mboga. Mzee mwenye sauti anasimama. "Elfu mbili ya kwanza! Elfu mbili ya pili! Elfu tatu huku kwa mama!" Katikati ya vitu hivyo linatoka yai moja. Mtoto wa darasa la pili amekuja nalo akiwa amelifunga kwenye karatasi ya daftari la hesabu, karatasi imelainika kwa jasho la kiganja, na njia nzima kutoka nyumbani ametembea taratibu asilivunje. Yai linanadiwa, mtu mwenye uwezo analipandisha mpaka 10,000, anasema lirudishwe mnadani, linanunuliwa tena. Watu wanafurahi, vigelegele vinapigwa. Nami nafurahi, maana huo ni ukarimu wa kweli na makanisa mengi yameezekwa bati kwa mayai ya namna hiyo.

Lakini vigelegele vile ni vya nani? Jina linalotajwa ni la mnunuzi. Mtoto amesimama pembeni kwenye ukuta, na hakuna anayejua kwamba yai lilikuwa lake, kwamba kuku ni wake mwenyewe, kwamba alimlisha pumba na kumfungia banda jioni. Itachukua nini kwa mzee anayenadi kusema, "Yai hili limeletwa na fulani, mtoto wa darasa la pili, na anayemtunza kuku ni yeye mwenyewe. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake"? Nusu dakika. Baada ya hapo mnada uendelee. Na hata siku ambayo yai litanunuliwa kwa mia tano, mtoto atakuwa amejua kwamba sadaka yake ilipokelewa kabla haijapanda bei. Wazee wa kanisa mliopo hapa, ombi hili nalileta kwenu kwa heshima zote.

Kuna wengine nitawapitia kwa haraka, ili mwalimu awe na akiba ya masomo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 1, wakunga wawili, Shifra na Pua. Farao aliwaagiza wawaue watoto wa kiume wa Waebrania, wakamcha Mungu wakakataa. Majina yao yameandikwa. Jina la Farao yule halikuandikwa. Kwenye darasa lako yuko mtoto ambaye mama yake ni nesi wa zamu za usiku zahanati, na siku ya somo hili mtoto huyo ataketi wima. Kitabu hichohicho cha Kutoka, sura ya 31, Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti, ambaye Mungu anasema amemjaza roho wake kwa ajili ya kazi hiyo ya mikono. Mtoto wa seremala anapaswa kuusikia mstari huo. Amosi, mchunga mifugo wa Tekoa na mtunza mikuyu, aliyemwambia kuhani wazi kwamba yeye si nabii wala mwana wa nabii. Tabitha wa Yafa, Matendo sura ya 9: alipokufa, wajane walisimama wakilia wakimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Mleteni fundi cherehani darasani siku hiyo. Aje na kitambaa, sindano na mkasi, awaonyeshe watoto anavyopima bega na anavyopinda pindo, kisha asimulie kidogo juu ya imani yake. Watoto watamsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Tusiishie kwenye Biblia. Watoto wanadhani Mungu alimaliza kazi na watu wa kawaida zamani, huko Israeli. Tuna historia yetu.

Shuleni watoto wanafundishwa kwamba mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Wanafundishwa pia kwamba mwenzake, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844. Wachache wanaambiwa kwamba mwaka huohuo Krapf alimzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Rebmann walianza kituo Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa. Wakahubiri, wakaandika kamusi, wakatafsiri Maandiko, wakasafiri bara. Na mtu wa kwanza kubatizwa hakuwa mtu mkubwa wa kaya wala mfanyabiashara wa pwani. Aliitwa Mringe, mtu mwenye ulemavu wa viungo, maskini, akabatizwa mwaka 1851 akiwa mgonjwa wa kufa. Hakuishi akajenga kanisa, hakuhubiri mahali. Kwa hesabu za Filipo tungesema kazi ya miaka yote ile imepata nini? Lakini jina la kwanza kwenye orodha ya Wakristo wa kituo kile ni lake. Walioko upande wa Kenya wanaweza kuwapeleka watoto Rabai. Makumbusho ya Krapf yapo mpaka leo. Na kama darasani kwako kuna mtoto anayetembea kwa magongo, au anayebebwa mgongoni na mama yake mpaka kanisani, asimuliwe Mringe.

Mwingine ni Josephine Bakhita. Sisi Walutheri hatuna utaratibu wa kutangaza watakatifu kama ndugu zetu Wakatoliki, lakini maisha ya mama huyu ni mali ya Wakristo wote wa Afrika na siogopi kumfundisha. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Akatekwa akiwa mtoto, na kwa hofu ya siku zile akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Aliuzwa na kuuzwa tena, akapigwa, akachanjwa mwilini. Akiwa Khartoum alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, na hatimaye mwaka 1885 akafika Italia. Mwaka 1889 mahakama ya huko ilitamka kwamba yeye ni mtu huru. Akabatizwa mwaka 1890, akaingia utawa. Kuanzia mwaka 1902 aliishi kwenye nyumba ya watawa katika mji wa Schio. Akafanya nini huko? Alipika. Alishona na kutarizi. Alitunza vyombo vya kanisa. Alikaa mlangoni kuwafungulia watu waliobisha hodi. Hizo ndizo kazi zake mpaka uzee, na watu wa mji ule walimpenda kwa hizo. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000, miaka 53 baadaye, wala yeye hakufungua mlango ule akingoja tangazo hilo.

Sasa nifike mahali ambapo naona kazi yetu wenyewe inapwaya.

Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba, tunaadhimisha Siku ya Mikaeli na Watoto. Siku hiyo watoto wanaongoza ibada. Wanasoma masomo, wanaimba, wanaigiza, wanatoa ngonjera. Siku nzuri sana. Maandalizi yake huanza wiki nyingi kabla, na mwalimu anachagua. Tunamchagua nani? Anayesoma bila kukwama. Mwenye sauti. Mwenye viatu vinavyong'aa na gauni jipya. Mtoto wa mzee wa kanisa, wa mwenyekiti wa kwaya, wa mwinjilisti. Mwaka unaofuata tunawachagua walewale kwa sababu wameshazoea. Mtoto mwenye kigugumizi yuko mstari wa nyuma wa kwaya, mwaka wa tatu sasa. Mwenye ualbino amewekwa pembeni "asichomwe na jua" hata kama tuko ndani ya jengo. Anayelelewa na bibi, anayekuja na ndala, anaambiwa apige makofi.

Kisha tunasimama mbele ya usharika mzima na kuigiza Daudi anapakwa mafuta!

Kisomeni tena kisa kile, Samweli wa Kwanza 16, mkijiweka upande wa Samweli. Nabii mzee, mtu wa maombi tangu utotoni, anamwona Eliabu na papo hapo anasema moyoni, ndiye huyu. Naye alikosea. Ndipo Mungu akamwambia kwamba "wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo." Yese akawapitisha wana saba. Daudi hakuitwa hata kwenye mstari. Baba yake mwenyewe hakuona haja. Ilibidi Samweli aulize kama watoto wote wako hapa. "Amesalia mdogo wao, na tazama, anawachunga kondoo." Na Samweli akasema hawataketi mpaka aje.

Swali lile la Samweli ndilo swali la mwalimu wa watoto. Hawa ndio wote? Kabla ya kupanga ngonjera, kabla ya kugawa masomo, uliza. Yuko nani ambaye hakuja kwa sababu anachunga? Anayeuza karanga stendi Jumapili asubuhi? Anayemuuguza bibi? Ukimjua, panga ratiba imfuate. Mwenye kigugumizi apewe mstari mmoja, afanye nao mazoezi kwa mwezi mzima, ausome siku hiyo kwa mwendo wake, na usharika usubiri. Sisi watu wazima tunao uwezo wa kusubiri nusu dakika mbele za Mungu. Yeremia aliposema hawezi kusema, Mungu alimjibu, "Usiseme, Mimi ni mtoto," akamtuma na ulimi wake uleule.

Tena tuwape kazi za kweli, na si kwa siku moja ya Septemba. Kupiga kengele ya kwanza. Kupanga vitabu vya nyimbo. Kujaza maji ya ubatizo. Kumshika mkono bibi asiyeona vizuri na kumpeleka hadi kwenye kiti chake. Kwenda kumwimbia mgonjwa nyumbani, wakiwa wengi na wakiwa na mwalimu. Mtoto asitumwe peke yake nyumbani kwa mtu, hata kama mtu huyo ana cheo kanisani. Kazi iwe ya namna kwamba asipoifanya, pengo linaonekana. Mtoto anatambua haraka sana kama amepewa kazi au amepewa pambo. Na akiifanya vizuri mwambie umeona nini hasa: "Leo vitabu vilitosha mpaka benchi la mwisho kwa sababu ulivihesabu." Sifa ya jumla haimwambii mtoto kitu.

Katika semina zetu mzazi mmoja aliwahi kuuliza swali zuri, nami nataka nilijibu hapa kwa sababu najua liko mioyoni mwa wengi. Aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo watoto wetu wasitamani makubwa? Wasisome?" Ndugu zangu, wasome sana. Wasome mpaka chuo kikuu, na anayeweza kuwa rubani awe rubani. Kumthamini mtoto ni pamoja na kumnunulia madaftari na kumpeleka hospitali. Ninachokataa ni kumwambia kwamba thamani yake inamngoja kule mbele. Mtoto anayejua anathaminiwa na Mungu akiwa na ndala zake anasoma vizuri zaidi, kwa sababu akifeli mtihani mmoja hajapoteza kila kitu. Na akifaulu, akapata gari na ofisi, hatamdharau mlinzi anayemfungulia geti, maana alifundishwa mapema kwamba huenda mlinzi yule ndiye mwenye neno analolihitaji. Naamani aliokolewa na kusikiliza watu wa chini yake. Viongozi wanaojua kusikiliza namna hiyo tunawahitaji mno, na wanaandaliwa kwenye madarasa yetu haya.

Naona Katibu ananionyesha saa. Chai iko tayari, kwa hiyo nitoe maelekezo ya kazi ya vikundi.

Kila mwalimu atapewa karatasi moja nyeupe. Ukitoka hapa usizungumze kwanza na mwenzako, na usifungue daftari la mahudhurio. Andika majina ya watoto wote wa darasa lako, jina la mtoto, si "mtoto wa mama fulani." Mbele ya kila jina andika kitu kimoja ambacho mtoto huyo anakifanya vizuri, kiwe kikubwa au kidogo: anajua kumbembeleza mdogo wake, anachora, anakumbuka nyimbo, anafagia bila kuambiwa. Ukimaliza, ndipo ufungue daftari ulinganishe. Majina utakayokuta umeyasahau, na yale ambayo mbele yake umeacha wazi, yapige mstari chini. Tukirudi kutoka kwenye chai, vikundi vitagawanywa kwa mitaa, na kila kikundi kitapanga ratiba ya Siku ya Mikaeli na Watoto ya mwaka huu kikianzia na majina hayo yaliyopigwa mstari. Kalamu ziko mezani kwa Katibu.